Viinimacho: Kwa Nini Akili Hudanganyika, na Mwalimu wa Lugha Ajifunze Nini

Utangulizi

Waswahili husema kusikia si kuona. Methali hii hulipa jicho heshima kubwa kuliko sikio: aliyesikia anaweza kuwa amepotoshwa, lakini aliyeona ameona. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jicho nalo si shahidi wa kuaminiwa siku zote, na kwamba makosa yake yana funzo kubwa kwetu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili.

Kilichotusukuma kuandika ni tukio dogo la aibu. Muhula mmoja idarani kwetu tulitunga mtihani wa isimu ya Kiswahili. Kabla ya kuchapishwa, karatasi ilipita mikononi mwa wahadhiri watatu, na kila mmoja aliisoma na kutia sahihi. Mtihani ulipoanza, hazikupita dakika kumi mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Samahani, mwalimu," akasema, "swali la tatu linatutaka tueleze tofauti kati ya silabi na silabi. Je, ni ipi?" Ukumbi mzima ukacheka. Swali lilipaswa kuwa juu ya silabi na mofimu. Sisi watatu tulikuwa tayari kuapa kwamba neno "mofimu" tulilisoma, na bila shaka tulilisoma. Tatizo ni kwamba halikuwapo.

Siku mbili baadaye tulikaa kusahihisha karatasi hizo hizo. Kalamu nyekundu mkononi, tukawa tunawakata wanafunzi alama kwa "uzembe" wa kuandika *kula* mahali pa *kura*. Mmoja wetu akaweka kalamu chini na kuuliza: uzembe wa nani? Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Maneno matatu

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenganishe maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa.

La kwanza ni *mazingaombwe*. Haya ni michezo ya mtu mwenye mikono myepesi anayeyapeleka macho ya watazamaji upande mmoja huku yeye akitenda jambo upande wa pili. Hapa mdanganyifu ni mtu mwingine.

La pili ni *mazigazi*. Ukisafiri kwa gari saa nane mchana katika barabara ya lami iliyonyooka, utaona mbele yako kitu kama dimbwi la maji kinachokimbia kila unapokikaribia. Hewa iliyo karibu na lami ina joto kali kuliko ile ya juu yake, na mwanga utokao mbinguni hupinda unapopita kati ya hewa hizo mbili. Unachokiona kama maji ni mwanga wa anga uliopindwa. Jicho halijakosea hapo, kwa sababu mwanga umefika kweli kwa njia hiyo. Hata kamera itayapiga picha "maji" hayo.

La tatu ni *kiinimacho*. Neno hili pia hutumika kwa maana ya mazingaombwe, na katika mazungumzo ya kila siku huweza kumaanisha hila. Katika makala haya tutalitumia kwa maana finyu: hali ambapo mwanga umefika jichoni sawasawa, hakuna mtu aliyetuchezea, na hata hivyo tunaona jambo lisilokuwapo. Mdanganyifu ni akili yetu wenyewe.

Mfano mzuri ni mwezi mpevu. Unapochomoza nyuma ya vilima huonekana mkubwa kama sinia, na ukifika utosini huonekana umepungua. Jambo hili limewashughulisha wataalamu kwa karne nyingi. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, alilijadili katika kitabu chake cha elimu ya kuona na kulihusisha na jinsi akili inavyokadiria umbali. Msomaji anaweza kujijaribu mwenyewe. Fumba jicho moja, nyoosha mkono, na ushike punje ya njegere mbele ya mwezi unapochomoza. Punje itaufunika. Rudia saa chache baadaye mwezi ukiwa juu kabisa: punje ile ile itaufunika vile vile. Kamera pia itakuonyesha mwezi wa ukubwa ule ule nyakati zote mbili. Kwa hiyo mazigazi hupigwa picha, bali ukubwa wa mwezi upeoni haupigwi picha, kwa sababu umo kichwani mwetu.

Jicho hupokea, akili hukisia

Kwa nini akili ifanye hivyo? Jibu linaanzia katika umbile la jicho. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina. Taswira inayoangukia hapo ni bapa na imepinduliwa kichwa chini. Haina kina. Mtoto aliye karibu na mtu mzima aliye mbali wanaweza kuacha alama zenye ukubwa sawa katika retina. Hata hivyo sisi hatuoni dunia bapa wala iliyopinduka. Tunaona watu, miti na nyumba, kila kimoja mahali pake. Kazi hiyo ya kuunda upya hufanywa na ubongo. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani katika karne ya 19, alieleza kwamba kuona ni namna ya kufikia hitimisho bila kujitambua. Richard Gregory wa Uingereza, aliyefariki mwaka 2010, aliliweka wazi zaidi: tunachokiona ni nadharia tete ambayo ubongo umeitunga kutokana na ushahidi mchache ulioletwa na macho.

Msomaji asitukubalie kwa maneno tu. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari. Chora alama ya msalaba upande wa kushoto, na nukta nzito upande wa kulia, umbali wa sentimita 8 kutoka kwenye msalaba. Fumba jicho la kushoto, kazia jicho la kulia kwenye msalaba, kisha sogeza karatasi polepole kutoka urefu wa mkono kuja usoni. Yapata sentimita 30 hivi, nukta itatoweka. Hapo imeangukia sehemu ya retina ambapo mshipa wa fahamu hutokea kuelekea ubongoni, sehemu isiyoona kabisa. Mfaransa Edme Mariotte aliieleza sehemu hiyo katika karne ya 17, na kila binadamu anayo. La ajabu si kwamba nukta imetoweka. La ajabu ni kwamba hukuona shimo. Mahali pa nukta uliona karatasi na mistari yake ikiendelea. Akili imeliziba pengo kwa kukisia kwamba penye mistari kushoto na kulia, lazima pawe na mistari katikati.

Ukisio huo kwa kawaida ni sahihi, na ndiyo sababu hatuwezi kuishi bila huo. Fikiria daftari jeupe chini ya mwembe. Likiwa kivulini hurudisha mwanga mdogo sana kuliko likiwa juani, lakini hatusemi daftari limegeuka la kijivu. Akili hukitambua kivuli na kukitoa katika hesabu. Mwaka 1995 Edward Adelson wa Marekani alibuni picha ya ubao wa miraba iliyoangukiwa na kivuli cha mcheduara. Mraba mmoja ulio nje ya kivuli huonekana mweusi, na mwingine ulio ndani ya kivuli huonekana mweupe. Ukikata matundu mawili katika karatasi na kuiweka juu ya picha ili ionekane miraba hiyo miwili tu, utaona kwamba rangi yake ni moja. Akili haikuharibika. Imefanya kazi ile ile inayofanya chini ya mwembe, ila safari hii imeifanyia mchoro ulio bapa.

Mistari miwili na watu wa Ankole

Kiinimacho kilichochunguzwa kuliko karibu vyote ni cha mistari ya Müller-Lyer, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1889. Chora mistari miwili, kila mmoja wa sentimita 8. Ncha zote mbili za mstari wa kwanza zitie vichwa vya mshale vya kawaida, vinavyochoma kwenda nje. Ncha za mstari wa pili uzigeuze, matawi yafunguke kwenda nje kama mkia wa samaki. Watu wengi huuona mstari wa pili kuwa mrefu zaidi.

Gregory alieleza kwamba matawi hayo hufanana na kona za nyumba. Kona ya ndani ya chumba, iliyo mbali nasi, ina matawi yanayofunguka. Kona ya nje ya jengo, inayotujia, ina matawi yanayorudi nyuma. Akili hukisia kwamba mstari wa pili uko mbali, na kitu kilicho mbali chenye alama sawa jichoni lazima kiwe kikubwa.

Ikiwa ni hivyo, je, mtu asiyekulia katika nyumba za kona atadanganyika? Hapa ndipo nchi yetu inapoingia katika historia ya swali hili. Watafiti watatu wa Marekani, Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits, walikusanya majibu ya watu zaidi ya 1,800 kutoka jamii mbalimbali, nyingi zikiwa za Afrika, na kitabu chao kikatoka mwaka 1966. Miongoni mwa waliohojiwa walikuwamo Wanyankole na Watoro wa magharibi mwa Uganda. Wakazi wa Evanston, mji ulio jirani na Chicago, walidanganyika sana: mstari mmoja ulihitaji kuzidi mwenzake kwa karibu moja ya tano ndipo waione sawa. Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika.

Lakini majaribio hayakuishia hapo. Chora mstari wa sentimita 8 uliolala, na katikati yake usimamishe mwingine wa sentimita 8. Uliosimama utaonekana mrefu zaidi. Katika kiinimacho hiki waliodanganyika zaidi ni Watoro na Wanyankole, wenyeji wa nchi ya juu iliyo wazi, ambako mtu huona mbali. Wabete wa msituni nchini Côte d'Ivoire walidanganyika kidogo. Kwa hiyo hapakuwa na jamii yenye macho ya werevu na nyingine yenye macho ya ujinga. Aliyeponea mtego mmoja alinaswa na wa pili.

Ni haki kusema kwamba maelezo ya watafiti hao yamepingwa. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa kuhusu watoto wa India waliozaliwa vipofu kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho na kupasuliwa wakiwa wakubwa. Mara tu walipoanza kuona, walidanganywa na mistari ya Müller-Lyer kama wengine, ingawa hawakuwahi kuona kona ya nyumba. Mwaka 2025 Dorsa Amir na Chaz Firestone walichapisha mapitio ya ushahidi uliopo, wakionyesha kwamba hata baadhi ya wanyama hudanganyika, na kwamba mizizi ya kiinimacho hiki haiwezi kuwa utamaduni. Pengine basi wa mistari tumezaliwa nao. Upo hata hivyo mtego mwingine ambao bila shaka hatuzaliwi nao, na huo ndio unaotuhusu zaidi walimu wa lugha.

Sikio nalo hukisia

Mwaka 1970 Richard Warren wa Marekani aliwasikilizisha watu sentensi ambayo sauti moja ndani yake ilikuwa imekatwa na pengo lake kujazwa kikohozi. Karibu wote walisema neno lilikuwa kamili. Walisikia sauti isiyokuwapo, kama vile wewe ulivyoona mistari penye nukta. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akisikia *ba* huku akitazama mdomo unaotamka *ga*, aghalabu husikia *da*. Macho na masikio hushauriana kabla ya kutupa jibu.

Sasa tuje darasani. Katika Luganda, l na r si fonimu mbili zinazopingana. Ni sauti za fonimu moja: r hutokea baada ya irabu e na i, na l hutokea kwingineko. Mganda hahitaji kuzitenganisha ili aelewe lugha yake, na akili yake tangu utotoni imejifunza kutozitenganisha. Mwanafunzi huyu anapokuja kwenye Kiswahili, hakosei ovyo. Hukosea kwa kanuni. Huandika *kira* kwa *kila*, *mbiri* kwa *mbili*, kwa kuwa i imetangulia. Huandika *habali* kwa *habari*, *kalamu* kwa *karamu*, na *kupiga kula* kwa *kupiga kura*, kwa kuwa a au u imetangulia. Mwenzake kutoka Ankole, ambaye lugha yake hutumia r, huandika *mahari* anapotaka *mahali*, na kwa herufi moja tu mkutano wa kijiji umegeuka posa.

Hatuzaliwi na ugumu huu. Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wachanga huweza kutofautisha hata sauti za lugha ambazo hawajawahi kuzisikia, na kwamba uwezo huo hupungua sana wanapokaribia umri wa mwaka mmoja. Kuijua lugha ya mama ni pamoja na kujifunza kupuuza tofauti ambazo lugha hiyo haizihitaji.

Na sisi je, tulioandika "silabi na silabi"? Tulinaswa vile vile. Msomaji mzoefu haisomi herufi moja baada ya nyingine. Akili yake hutangulia na kukisia kitakachofuata. Kwa kuwa tulijua swali linahusu nini, tulisoma tulichokijua. Mwanafunzi hakujua, kwa hiyo alisoma kilichoandikwa.

Rula

Rudi kwenye mistari miwili ya sentimita 8. Umeichora mwenyewe, umeipima mwenyewe, na umesoma maelezo yake. Itazame tena. Bado mmoja ni mrefu. Hili ndilo jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo: kukijua kiinimacho hakukiondoi. Anayetaka ukweli hana budi kushika rula.

Mwalimu anayemwambia mwanafunzi "sikiliza vizuri" au "acha uzembe" anamwambia aitazame mistari kwa bidii zaidi. Bidii haitasaidia. Kinachosaidia ni kipimo kilicho nje ya akili inayokosea. Kutokana na mjadala wetu idarani tulikubaliana mambo manne, ambayo tunawapendekezea wenzetu.

Kwanza, kufundisha kwa jozi. *Kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*, *kalamu* na *karamu*, *hali* na *hari*: mwanafunzi asome, asikilize, achague maana, na ajue papo hapo kama amepata au amekosa. Sikio hufunzwa kwa mazoezi ya namna hii yanayorudiwa, wala halifunzwi kwa karipio.

Pili, kumweleza mwanafunzi kanuni ya lugha yake. Mganda akijua kwamba mtego wake umo baada ya e na i kwa upande mmoja, na baada ya irabu nyingine kwa upande wa pili, atajua ni maneno gani ya kuyatafuta katika kamusi kabla ya kukabidhi kazi. Kamusi ndiyo rula yake.

Tatu, kukata alama kwa haki. Kosa la l na r sasa tunalikata mara moja katika karatasi nzima, na pembeni tunaandika jozi inayohusika. Hatusemi kwamba kosa lisisahihishwe. Anayeandika kwamba wananchi wamepiga kula hajaeleweka, na mwajiri wake wa kesho hatamhurumia. Tunachosema ni kwamba kukata alama mara 15 kwa mtego mmoja ni kupima kitu kimoja mara 15.

Nne, kujipima sisi wenyewe. Mtihani usihakikiwe na watu wanaojua tayari unauliza nini. Umpe mwenzako asiyefundisha kozi hiyo, akusomee kwa sauti. Kazi yako mwenyewe ilaze siku mbili, kisha uisome kuanzia sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, ili akili isipate nafasi ya kukimbilia mbele. Na uweke rula, rula hasa ya mbao au plastiki, chini ya kila mstari.

Hitimisho

Tumeona kwamba macho na masikio huleta ushahidi mchache, na kwamba akili huukamilisha kwa ukisio ambao mara nyingi hutufaa na mara nyingine hutuponza. Ukisio huo huo ndio unaotuwezesha kusoma kurasa nyingi kwa saa moja na kuelewana katika kelele za soko. Hatuna haja ya kuuonea haya. Tuna haja ya kujua unapokosea, kwetu na kwa wanafunzi wetu.

Mwanafunzi yule wa swali la tatu alipata jibu lake: tulilisahihisha swali ubaoni, na dakika kumi zikaongezwa kwa wote. Hakuna aliyetukata alama. Tulipokuwa tukikusanya karatasi za majibu, mmoja wetu alizitazama na kusema kwamba wengi wa hawa mwakani watakuwa walimu, nao watakuwa na kalamu nyekundu. Tungependa wawe pia na rula.